Bi Pazia na Bei ya Kwanza

Alasiri, jua linapolegea na kuingia dukani kwa ubavu, vitambaa vya Bi Pazia huanza kupumua. Mlango ukifunguliwa hujaa upepo vyote kwa pamoja, vyepesi mbele, vizito nyuma, kisha hushuka taratibu kama watu waliotaka kusema jambo wakaghairi. Mteja akiingia saa hiyo husimama ameduwaa, mkono bado uko kwenye kitasa, kama aliyepotea njia akaingia katika usingizi wa mtu mwingine. Bi Pazia humwacha aduwae. Hamkimbilii, wala hainuki. Mteja aliyeduwaa ameshanunua, ila hajajijua.

Ujuzi huo alipewa na shangazi yake, aliyemlea nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa huko kwao, na ndio aliokuja nao ugenini pamoja na mkasi mzito na sanduku lisilofunga vizuri. Lugha ya wenyeji alijifunzia sokoni, ndani ya jengo moja refu la vibanda ambamo watu waliotoka kila pembe ya dunia huuziana kwa kelele. Maneno ya kwanza kuyatamka bila kigugumizi yalikuwa "ghali mno", "hapana", na "basi, naenda zangu". Salamu alizijua baadaye.

Kwa shangazi, "hapana" haikuwa ya kufunga mlango. Ilikuwa kiti. Mtu akitaja bei unamwambia hapana ili akae, akikaa mnazungumza, mkizungumza, kila mmoja anajua mwenzake anataka nini na anaogopa nini. Anayekubali bei ya kwanza humwachia mwenzake mashaka: labda nilitaja ndogo, labda mali yenyewe ina kasoro, labda fedha zake za bandia. Bi Pazia hakuwahi kukubali bei ya kwanza maishani mwake, si ya uzi, si ya pango la chumba, si ya kung'olewa jino. Daktari wa meno alicheka mpaka akavua miwani, lakini alipunguza.

Kazi yenyewe haikuwa ya dukani tu. Nusu ya siku zake iliishia katika nyumba za watu, hasa nyumba mpya ambazo bado hazijahamiwa. Alizipenda. Chumba kitupu kilichokauka rangi juzi kina ukimya wake. Ukikohoa, ukuta unakujibu. Bi Pazia aliingia na futi yake ya kitambaa shingoni, akasimama katikati bila kupima chochote, akatazama mwanga ulivyojimwaga sakafuni. Alijua kwamba rangi inayopendeza asubuhi yaweza kuwa sanda jioni. Kwa hiyo alisubiri. Mara nyingine alisubiri mpaka akasahau alikofika, akajiona yuko ndani ya maji ya njano, na sauti za barabarani zikawa mbali kama redio ya jirani.

Huko ndiko alikomkuta Fundi Vioo.

Alikuwa mwenyeji wa nchi ile, mrefu, mkimya, mikono imejaa makovu membamba meupe. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la sebule, amekandamiza kioo kwenye fremu kwa viganja vyote viwili. Kioo kilikuwa safi mno, na alichokiona Bi Pazia kutoka mlangoni ni mtu anayesukuma hewa, tena kwa bidii, kama hewa ingemdondokea.

"Wewe unawaletea watu mwanga, mimi naja kuuzima," Bi Pazia akamtania. "Tutapatana kweli?"

Yule bwana hakugeuka. Alifikiri. Bi Pazia akadhani hakusikia.

"Huuzimi," alisema mwishowe. "Unaupunguza makali."

Bi Pazia alishuka ngazi akicheka peke yake. Utani wake ulikuwa umejibiwa kama swali la mtihani, na jibu lilikuwa sahihi.

Baada ya hapo wakawa wanakutana, kwani nyumba inayohitaji vioo huwa haikawii kuhitaji mapazia. Kisha wakawa wanakutana hata pasipo na nyumba. Fundi Vioo alifunga karakana yake mapema, akavuka barabara, akaketi kwenye kigoda kati ya majora ya vitambaa na kikombe cha chai mkononi. Haongei. Anatazama tu vitambaa vinavyopumua, macho nusu wazi, na Bi Pazia anashona. Wapo wanaume ambao ukimya wao ni wa kununa, na wapo ambao ni wa kutokuwa na la kusema. Huu haukuwa wa aina yoyote kati ya hizo. Ulikuwa kama kivuli cha mchana, unakaa chini yake ukapoa.

Upande wa pili wa duka, nyuma ya pazia lililogawa chumba, alifanya kazi Msusi. Walitoka nchi moja, wakachangia pango, na kwa kuwa pazia halizuii sauti, walichangia na mambo mengine yote.

"Shoga, mzungumzaji wako leo kasema nini?" Msusi akauliza toka nyuma ya pazia.

"Kasema chai nzuri."

"Masikini! Si koo litamkauka?"

Fundi Vioo alitaka kumheshimu Msusi, akajifunza salamu ya kwao. Siku moja akapiga hodi penye pazia, akainamisha kichwa na kumwambia mbele ya wateja, "Shikamoo." Msusi, ambaye alikuwa mdogo kwa Bi Pazia na aliyejua kwamba anaonekana mdogo zaidi, aliacha kusuka akashika kiuno.

"Mimi? Shikamoo? Mimi na uzee wapi na wapi! Bi Pazia, njoo umchukue mtu wako kabla sijamsuka!"

Fundi Vioo akarudi kwenye kigoda masikio mekundu. Alipoelezwa alikosea wapi, alitikisa kichwa kwa utaratibu, akayaweka maelezo hayo mahali fulani kichwani. Hakulirudia kosa lile tena. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia jambo, amelichukua.

Na hilo Bi Pazia alipaswa kulizingatia zaidi siku alipopelekwa kwa mama mkwe mtarajiwa. Mama wa Fundi Vioo alikaa katika nyumba ndogo yenye sakafu inayong'aa na saa ya ukutani inayosikika vyumba vyote. Alikuwa mpole, mwenye mikono kama ya mwanawe bila makovu. Chakula kilikuwa kizuri. Bi Pazia alikula kiungwana, kidogo, akijua kwamba atabembelezwa aongeze, naye atakataa, abembelezwe tena, akatae kwa unyonge, hatimaye aongezwe sahani nzima na kila mtu afurahi.

"Utaongeza?" mama akauliza.

"Hapana, asante mama, nimeshiba."

Mama akachukua bakuli, akalirudisha jikoni.

Bi Pazia alilisindikiza bakuli lile kwa macho mpaka mlango wa jikoni ukafungwa. Njiani, tumbo likinguruma, alimwambia Fundi Vioo kwamba mamake ni mtu mzuri, ila mchoyo kidogo.

"Mchoyo? Mama?" Fundi Vioo alishangaa. "Alikuuliza, ukasema umeshiba. Akulazimishe?"

Bi Pazia akacheka, akaona ni kituko cha kumsimulia Msusi. Alikisimulia, wakacheka wote, kikaishia hapo. Mwenye biashara anayepewa onyo la bure na kuligeuza kichekesho asimlaumu mtu.

Ndoa, sokoni pale, ilikuwa na masengenyo yake. Mgeni akiolewa na mwenyeji, watu hawaulizi kama wanapendana. Wanauliza kama makaratasi yametoka. Bi Pazia alikuwa na makaratasi yake ya kuishi, aliyoyahangaikia mwenyewe kwenye foleni za baridi, bila mume wala mjomba. Lakini mdomo wa sokoni haukaguliwi. Aliapa kimoyomoyo kwamba siku ya kuulizwa, hataonekana ana haraka. Naye shangazi, kila walipozungumza kwa simu, alikaza uzi palepale.

"Akikutaka kweli atarudi," shangazi akasema. "Ukikubali mara ya kwanza atakuona mali iliyododa. Mwanangu, mimi nimeuza vitambaa tangu wewe hujaota meno. Mkatalie kwanza, uone kama miguu itamrudisha."

"Kwani huyu naye anajua mambo hayo, shangazi?"

"Ni mwanamume? Basi anajua."

Siku yenyewe ilikuja katika chumba cha juu kabisa cha jengo jipya, chenye dirisha kubwa kuliko mlango wa gereji. Fundi Vioo alikuwa amemaliza kulisafisha. Nje hapakuwa na kitu ila mawingu meupe yakisogea kwa uvivu, na kivuli cha kila wingu kikipita sakafuni, kikapanda viatu vya Bi Pazia, kikateleza mpaka ukutani. Alihisi kwamba ni chumba kinachosogea na kwamba mawingu yametulia. Alikuwa hajatoa hata futi yake.

"Nataka tuoane," Fundi Vioo alisema. Alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia kimekunjwa vizuri mkononi. "Nimefikiri muda mrefu. Sitaki uone kama nakusukuma. Nauliza tu. Unataka?"

Ndani ya Bi Pazia kila kitu kilisema ndiyo. Alijiona katika nyumba isiyojulikana iko wapi, asubuhi isiyo na haraka, mtu huyu akivaa viatu kimya asimwamshe. Aliona hata rangi ya mashuka. Lakini mdomo una mazoea yake, na wa Bi Pazia ulikuwa umezoezwa tangu utoto.

"Mimi? Sitaki," akasema, uso umegeukia dirishani, tabasamu amelificha begani, ncha ya kiatu ikichora sakafu. "Katafute wa kwenu, mnaoelewana."

Huko kwao hata mtoto angeelewa. Sitaki ile ilikuwa na mlango wazi, ngazi na taa ya barazani. Ilichosubiri ni mtu kupanda.

Fundi Vioo alikunja kitambaa mara moja zaidi. Wingu moja likapita, likaisha.

"Nimekuelewa," alisema. "Asante kwa kunijibu wazi."

Akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akamfungulia mlango, akamsubiri atangulie kushuka.

Bi Pazia alishuka akiwa na amani yote. Anaenda kujipanga, akajiambia. Atakuja kesho au keshokutwa, amenyoa, ana maneno. Jioni hiyo alikata kitambaa cha mteja huku akiimba, na Msusi akachungulia penye pazia.

"Nini, shoga? Kakuuliza?"

"Kaniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nimekataa, bila shaka."

Msusi alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Yeye aliwahi kuolewa na mwenyeji, wakaachana kwa heri, na alikuwa na elimu ambayo haipatikani sokoni. "Ulikataa kwa kikwetu, au ulikataa kwa kikwao?"

"Kukataa ni kukataa."

"Ndiyo maana nakuuliza," Msusi akasema, akarudi kwa mteja wake.

Kesho ilipita, na keshokutwa. Kigoda kikabaki kati ya majora, na mwanga wa alasiri ukakikalia. Bi Pazia alivaa gauni la bluu, kisha la kijani, akapanga vitambaa vizuri zaidi karibu na mlango, akajikausha. Katika biashara, anayesogea kwanza ndiye anayekula hasara. Walipokutana ngazini katika nyumba ya mteja, Fundi Vioo alimpisha, akamwamkia kwa adabu ileile anayompa mwenye nyumba, akauliza kama kazi inaendelea vizuri. Hakuwa na kinyongo. Kinyongo kingekuwa nafuu. Mwenye kinyongo bado yuko mezani. Huyu alikuwa ameinuka na kurudisha kiti mahali pake.

Na bado aliendelea kumpelekea wateja. Mama mmoja alikuja kutoka mtaa wa mbali akasema, "Fundi wa vioo ameniambia hakuna anayeshona kama wewe." Bi Pazia alimpimia yule mama dirisha zima akiwa hasikii anachoambiwa. Siku zikawa na ukungu ndani yake. Alianza kuota mchana, mkasi mkononi, kwamba yuko katika lile jengo jipya anapanda ngazi, na kila ghorofa ina dirisha, na nyuma ya kila dirisha yuko mtu anayesukuma hewa, lakini hewa ile imeshakuwa kioo kweli na sauti haipiti.

"Kaza," shangazi akasema kwenye simu. "Huyo anakupima."

"Shangazi, na kama hapimi?"

"Kila mtu anapima."

Kwa mara ya kwanza Bi Pazia alimwona shangazi yake kama alivyokuwa: mwanamke hodari nyuma ya kaunta yake, katika mtaa wake, ambaye hajawahi kuuza hata kipande kwa mtu wa huku.

Msusi ndiye aliyemletea habari. Alikuwa ametoka kununua mafuta ya nywele, akaingia bila hata kufungua koti.

"Shoga, weka mkasi chini."

"Sema tu."

"Karakana ya mtu wako inahamishwa. Lori liko nje. Kapata kazi mji mwingine, jengo refu, vioo juu mpaka chini. Anaondoka leo. Kaniambia nikuage kwa niaba yake, hakutaka kukusumbua."

"Kunisumbua," Bi Pazia akarudia, kama anayeonja neno.

"Nilikuambia. Hawa ukiwaambia hapana wanaipokea kama risiti. Wanaikunja, wanaiweka mfukoni, wanakwenda zao." Msusi akakaa kwenye kigoda, kisha akakumbuka ni cha nani, akainuka. "Unamtaka, humtaki? Mimi nisikie mara moja katika maisha yangu ukijibu swali."

Bi Pazia aliweka mkasi chini. Alitoka na futi shingoni, pini za kushonea bado zimo kifuani mwa gauni, akavuka barabara bila kutazama, na dereva mmoja akamtukana kwa lugha aliyoielewa vizuri sana.

Karakana ilikuwa imekwisha kuvuliwa. Meza ndefu ya kukatia ilikuwa wazi, na mahali palipokuwa na rafu ukuta ulikuwa mweupe zaidi. Vioo vilivyobaki vilisimama kwa ubavu vimeegemea ukutani, na jua la alasiri likapita ndani ya kimoja, likaingia cha pili, likatokea sakafuni limekuwa kijani kama kisima. Fundi Vioo alisimama katikati ya kisima hicho akifunga kamba. Alipomwona aliacha, akajifuta mikono.

Bi Pazia alikuwa na la kusema, lakini badala yake akaokota kioo kidogo cha kujitazamia kilichovunjika pembe.

"Hiki unauza?"

"Chukua tu."

"Sichukui bure. Taja bei."

"Kimevunjika. Hakina bei. Chukua."

Mtu wa namna hiyo utamwanzia wapi? Bi Pazia alikirudisha kioo polepole. Ndani yake alijiona kipande cha uso, jicho moja na pini, akaona mwanamke ambaye kwa mara ya kwanza hana mahali pa kuanzia chini apande juu. Alipiga moyo konde.

"Ile siku nilikuambia sitaki," akasema. "Nilikuwa nataka."

Uso wa Fundi Vioo ulipoteza rangi, kisha rangi ikarudi zaidi ya ilivyokuwa.

"Ulinidanganya?"

"Sikukudanganya! Nilikuwa nasubiri uulize tena."

"Kwa nini niulize tena? Ulikuwa umenijibu."

"Kwetu, mtu anayetaka kitu huuliza tena."

"Kwetu, mtu anayemuuliza mwanamke tena baada ya kukataliwa hufungiwa mlango. Na ni haki yake." Sauti yake haikupanda, lakini kamba ilikuwa imekazwa mkononi. "Nimekuwa napita upande ule mwingine wa barabara, nyuma ya magari, usije ukaniona ukadhani nakuvizia. Kila siku. Nikikuona umevaa bluu nasema, ana raha. Amepumua."

"Bluu nilikuvalia wewe!"

"Mimi ningejuaje?"

Kweli, angejuaje. Vumbi la kioo lilielea katika mwanga, laini, likimetameta, halitui wala halipandi. Dereva wa lori alipiga honi nje. Hakuna aliyegeuka.

"Basi nakuambia sasa," Bi Pazia akasema. "Nakutaka. Nataka tuoane. Hilo ndilo la mwisho, sina jingine nyuma yake." Alishangaa jinsi lilivyo fupi. Lilikuwa limetoka lote, na mikono yake ilibaki haina la kushika.

Fundi Vioo aliketi ukingoni mwa meza. Alifikiri, na safari hii Bi Pazia aliijua gharama ya ukimya wa mwenzio pale ambapo wewe ndiye uliyesogea kwanza.

"Nina sharti," alisema.

Moyo wa Bi Pazia ukaruka. Sharti! Mwenye sharti yuko mezani.

"Sema."

"Ukitaka jambo, useme unataka. Ukikataa, nitajua umekataa. Siwezi kuishi na mke ninayemkisia. Nitakosea kila siku, na kila siku utaumia, na mimi sitajua kwa nini."

"Hilo gumu."

"Najua."

"Tuseme mara mojamoja nikisahau?"

"Hapana."

"Kwenye mambo madogo? Chai, zawadi?"

"Hapana." Lakini midomo ilikuwa inacheza.

"Basi na wewe uulize mara mbili. Nusu kwa nusu."

Hilo alilipima. "Nitauliza mara moja," akasema. "Ila nitasubiri jibu. Likichelewa, nitakaa hapo hapo. Sitaondoka tena kwa haraka kama siku ile. Hilo lilikuwa kosa langu; ningeweza kukaa chini nikauliza kwa nini."

Bi Pazia aliitazama bei ile. Aliigeuza huku na huku, akatafuta pa kuichubua. Mwanga wa kijani ulikuwa umepanda mpaka magotini mwake. Alijua kwamba shangazi atapiga kelele, atasema binti wa ndugu yake amechukuliwa rahisi na mtu asiyejua hata kubembeleza. Na sokoni watauliza makaratasi yanatoka lini. Watauliza. Wakichoka watanunua mapazia.

"Haya," akasema.

"Haya nini?"

"Haya, nimekubali! Unataka niandike?"

Fundi Vioo alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Bi Pazia hakuwahi kukisikia, kikagonga vioo vyote. Akamshika mikono kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kushika vitu vyenye makali, akatoa pini moja iliyomnasa kwenye mkono wa shati, akaichomeka kwenye futi yake shingoni.

Honi ikalia tena.

"Sitaki uende," Bi Pazia akasema. Mazoea yake yalikuwa yamemwandalia "nenda tu, mimi sina neno", likiwa tayari mdomoni, limeoshwa na kukunjwa. Hakulitumia.

"Nimesikia," Fundi Vioo akajibu. "Nami sipendi kwenda. Lakini nimempa tajiri neno langu, wanangoja vioo hivi. Nitakwenda. Nitakuwa narudi mwisho wa juma mpaka jengo liishe. Tukitaka kufunga ndoa kabla, tufunge kabla."

Kwa hiyo unaweza kusema unachotaka waziwazi na usikipate chote. Bi Pazia aliliona hilo, likamchoma, akalimeza. Angalau alijua alichokosa na kwa nini, na hakuna bakuli lililokuwa limefichwa jikoni.

"Tufunge kabla," akasema. "Na sasa?"

"Sasa kimebaki kioo kikubwa. Dereva hagusi vioo, anaogopa. Utanishikia upande wa pili?"

Kilikuwa kioo kirefu kuliko wote wawili. Fundi Vioo alimpa glavu zake, yeye akabaki na vitambaa viganjani, akamwonyesha: mkono mmoja chini, mmoja ubavuni, usikumbatie, usikimbie. Wakakiinua. Kilikuwa kizito kwa namna ya ajabu, kama kubeba maji yaliyosimama. Walitoka nacho mlangoni kwa ubavu, yeye mbele, Bi Pazia nyuma, wakaanza kuvuka uwanja mdogo kuelekea lilipoegeshwa lori.

Mtaa mzima uliingia ndani ya kioo. Bi Pazia aliona duka lake likisogea humo, na Msusi mlangoni na kitana mkononi, mdomo wazi, mteja wake nyuma yake nusu kasukwa. Aliona wingu, na mwanamke mwenye futi shingoni akitembea hewani kati ya wingu na duka. Nyuma ya mwanamke yule, au mbele yake, haikujulikana, palikuwa na mtu mrefu anayerudi kinyumenyume na macho hayabanduki usoni kwake. Watu waliwapisha. Sauti zilikuwa mbali. Miguu ilienda yenyewe, na kwa kitambo Bi Pazia hakujua kama wanakibeba kioo au kioo ndicho kinachowavusha.

Uzito ukaanza kumvuta mabega.

"Ukichoka, sema," Fundi Vioo akaita kutoka upande wa pili.

"Nimechoka."

Wakakishusha polepole juu ya vipande vya mbao, katikati ya uwanja, wakakisimamisha kati yao, kila mmoja ameshika upande wake. Dereva akalalamika kwamba ana safari ndefu. Fundi Vioo akamwambia asubiri kidogo, mkewe anapumzika.